Nipe Mji: Vijana wa Nachingwea na Ruangwa Wabashiri Siri ya Mchezo wa Roboti

Katika michezo yote tuliyoirithi kwa wazee wetu, siujui hata mmoja unaoifichua akili ya mtu mbele ya wenziwe kama kitendawili, kwani katika mbio waweza kuusingizia mguu, na katika mieleka waweza kuusingizia utelezi wa ardhi, lakini mtegaji akisha kunena "Kitendawili!" nawe ukajibu "Tega!", udhuru wote umekwisha, na ukishindwa kutegua adhabu yake ni moja, nayo kila mtoto wa nchi hii anaijua: utatoa mji. Mimi katika utoto wangu wa Nachingwea nilitoa miji mingi. Lindi niliitoa mara nyingi hata nadhani yanipasa kuwaomba radhi wenyeji wake. Masasi, Newala na Kilwa nazo zilikwenda. Na usiku mmoja wa mbalamwezi, kwa kitendawili cha bibi yangu kilichohusu kivuli, niliitoa Unguja nzima pamoja na karafuu zake.

Niliyakumbuka hayo katika msimu wa korosho, nilipokwenda Nachingwea kuwajulia hali jamaa zangu, nikamkuta mpwa wangu, kijana wa kidato cha tatu, ameketi barazani na wenziwe wawili wa hirimu yake, wameinamia kitu fulani cha waya na bati kilichokuwa kikivuma kama nyuki aliyenaswa chupani. Waliponiona walisimama.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, wanangu. Hicho ni nini?"

"Roboti, mjomba," akasema mpwa wangu, kisha, kwa kuwa ni mkweli, akaongeza: "Yaani, itakuwa roboti."

Mota zake mbili zilitoka katika deki mbovu, magurudumu yake yalikuwa visoda vya chupa vilivyogongwa na kuunganishwa viwili viwili, nguvu zake zilitoka katika betri ya simu iliyovunjika kioo, na uongozi wake ulikuwa kwa swichi mbili za taa zilizofungwa mwisho wa waya mrefu, moja ya mota ya kushoto na moja ya mota ya kulia. Mjuzi wa fani hii atasema kwamba hilo ni gari la waya lililotiwa umeme, naye atakuwa amesema kweli, maana roboti kamili huwa na kompyuta ndogo ya kuifikiria njia na vihisi vya kuiona; lakini mimi niliyesukuma gari la waya lenye magurudumu ya kandambili katika vichochoro hivyo hivyo, sikuwa na uso wa kukidharau chombo kile.

Ubishi waliokuwa nao haukuhusu chombo. Walikuwa wamesikia kwa mwalimu wao kwamba katika mashindano ya roboti ya wanafunzi liko jambo ambalo hufichwa hadi siku yenyewe, nao walitaka kulijua kabla ya siku, ijapokuwa hapakuwa na siku yoyote waliyoalikwa. "Mjomba," akauliza mmoja wao, "hivi hao wakubwa huwa wanaficha nini?"

Yako mashindano yaitwayo World Robot Olympiad, yaliyoanza mwaka 2004 huko Singapore, ambayo ndani yake timu ya watoto wawili au watatu pamoja na mwalimu wao huunda roboti isiyozidi sentimita 25 kwa urefu, kwa upana na kwa kimo, wakaitilia programu, kisha wakaiacha juu ya meza ifanye kazi yake kwa muda wa dakika mbili bila ya kuguswa na mkono wa mtu. Kanuni za mchezo hutangazwa miezi kadhaa kabla, na watoto huzisoma hata wakazijua kama wajuavyo Alhamdu; walakini asubuhi ya mashindano husomwa mbele ya timu zote kanuni moja ya ziada, ambayo hakuna macho ya mshindani yaliyopata kuiona, na papo hapo huanza hesabu ya dakika za kuirekebisha programu ili ikubaliane na jambo hilo jipya. Mtoto aliyefundishwa kukariri huduwaa. Mtoto aliyekielewa chombo chake huvuta kiti, akaanza kazi.

Huko Marekani iko taasisi ya FIRST, iliyoasisiwa na mvumbuzi Dean Kamen mwaka 1989, ambayo mashindano yake makubwa ya kwanza yalifanyika mwaka 1992 kwa timu 28 katika ukumbi wa michezo wa sekondari moja mjini Manchester, jimbo la New Hampshire. Hao hawafichi kanuni moja, huuficha mchezo mzima. Kitabu cha kanuni hutumwa mapema kwa njia ya intaneti kikiwa kimefungwa, kila timu inacho mkononi na hakuna awezaye kukisoma, mpaka Jumamosi moja ya mwezi wa Januari ambapo mchezo huonyeshwa na neno la siri la kukifungulia hutolewa kwa wote saa ile ile. Ndipo maelfu ya vijana wa nchi nyingi hukifungua kwa pamoja kama watu wanaofuturu kwa adhana moja. Kabla ya hapo, hupewa vidokezo vya mafumbo, picha isiyoeleweka au maneno mawili yasiyohusiana, nao hukesha wakiyapasua maneno hayo kama walivyokuwa wakikesha washairi wetu walioulizana na kujibizana katika kurasa za gazeti la Mambo Leo.

Waliyoletewa katika miaka iliyopita yanatosha kuonyesha kwamba mtegaji wao ana moyo wa kibibi. Mchezo ule wa kwanza wa mwaka 1992 ulichezwa juu ya sakafu iliyomwagwa punje za mahindi, jambo ambalo mkulima wa Ruponda au Mbekenyera angelihesabu kuwa ni kufuru. Mwaka 2009, katika kuadhimisha miaka 40 tangu binadamu akanyage mwezini, waliweka sakafu telezi na kuwalazimisha wote watumie magurudumu yasiyoshika chini, hata waliojivunia nguvu za mota zao wakagundua kwamba nguvu hizo ndizo ziwaponzazo. Mwaka 2011 walitaka roboti kubwa ibebe roboti ndogo, na katika sekunde 10 za mwisho ndogo hiyo iachiliwe ikwee mlingoti peke yake. Na mwaka 2012, katika mchezo wa kutia mipira vikapuni, waliweka uwanjani madaraja yayumbayo kama pembea, na lile la katikati likatoa alama kwa pande zote mbili endapo roboti ya huku na roboti ya kule zitapanda pamoja na kulisawazisha.

"Kwa hiyo unamsaidia adui yako?" akauliza mpwa wangu.

"Unalisaidia daraja," nikamwambia. Jibu hilo lilimpendeza kuliko lilivyonipendeza mimi.

Ama katika bashiri zote zilizopata kubashiriwa na vijana wa mashindano hayo, iliyo maarufu kuliko zote ni ya maji. Mwaka nenda mwaka rudi husemwa kwamba safari hii mchezo utachezwa majini, roboti zitaogelea, na kila kidokezo hutafsiriwa kwa upande huo, mpaka neno lenyewe limekuwa mzaha wa ukoo mzima. Mwaka 2017, nchi zaidi ya 150 zilipopeleka vijana wao Washington katika mashindano ya FIRST Global, maudhui ya mchezo yalikuwa maji safi kwa wanadamu, na waliotarajia kulowa wakakuta mipira ya buluu na ya rangi ya machungwa, ya kwanza ikisimama mahali pa maji na ya pili mahali pa uchafu. Mwaka 2025 mchezo wa Marekani ukaitwa jina la miamba ya bahari, ukawa na matumbawe ya mabomba na mwani wa mipira. Bahari nzima ikaletwa ukumbini, kavu.

Hapa ndipo niliposimama kidogo na vijana wangu, kwa sababu mmoja wao alikuwa amekwisha kusema, kabla sijafika hapo, kwamba yeye anaamini ni maji. Nikamwuliza kwa nini. Akasema anahisi tu. Wazee wetu walikuwa na maneno mawili kwa mambo mawili ambayo leo tunayachanganya katika neno moja la kubashiri: walikuwa na ramli, na walikuwa na kiyasi. Mpiga ramli huchora vistari vyake mchangani na kuliendea jambo la ghaibu moja kwa moja, kama mwizi aingiaye kwa dirishani. Mwenye kiyasi hulianza jambo katika lile alijualo kwa yakini, akalipima kwa linalofanana nalo, na hatua kwa hatua akaukaribia mlango wa lile asilolijua, akabisha hodi. Vijana wetu wanaokesha na mikeka ya kubeti, wakisubiri timu ya Namungo itoke sare ili wapate nauli, hao ni watu wa ramli hata wakijaza karatasi nzima kwa takwimu. Na kadhalika wale wenye kuuziana maswali ya mtihani wa Necta ambayo eti yameonwa ndotoni. Lakini yule mwanafunzi anayekaa na mitihani ya miaka kumi iliyopita, akaona mada gani hurudi na kwa sura gani, simhesabu pamoja nao.

Kwa kiyasi, maji huanguka mapema. Mtegaji wa mchezo wa roboti ni mwanadamu mwenye mipaka: ukumbi si wake, ameukodi, na sakafu yake atairudisha kama alivyoikuta, betri na waya havipatani na kidimbwi, na mshindani hawezi kudaiwa chombo ambacho hakikutajwa katika orodha ya vifaa. Fauka ya hayo, ajabu yake lazima iweze kuonwa na mwamuzi kwa macho, ielezwe kwa dakika chache katika lugha nyingi, na iwe sawa kwa wote. Mtu akiziweka nguzo hizo, nyumba ya siri huwa ndogo sana. Hubakia kuongeza kitu, kukihamisha kitu, kukataza kitu, au kubadili thamani ya kitu.

Niliposema hayo waliniangalia kwa heshima ambayo mjomba huipata huku kwetu bila ya kuihangaikia sana, maana Wamwera, Wamakua, Wayao na Wamakonde wote waliuhesabu ukoo kwa upande wa mama, na neno la mjomba lilikuwa likisimamisha hata harusi. Nikaitumia heshima hiyo vibaya. Nikasema: kesho tutakwenda Ruangwa kwa dada yangu wa pili, ambako kuna binti yake wa kidato cha pili apendaye mambo haya, nami nitatega mchezo. Uwanja utakuwa boksi la bati za kuezekea lililofunguliwa na kulazwa. Upande mmoja ni shamba, zimetawanywa korosho ghafi 20. Upande wa pili ni ghala. Dakika mbili. Kila korosho ifikayo ghalani ni alama moja. Na kanuni ya ziada, nikaiandika papo hapo kwenye karatasi, nikaitia katika bahasha ya kaki, nikailamba, nikaifunga.

Wakaanza kubashiri kabla gundi haijakauka. Mmoja akasema maji, kwa kuwa wengine hawafundishiki. Wa pili akasema giza: mjomba atazima taa. Mpwa wangu akasema kwamba timu zitabadilishana vyombo, kila mtu aendeshe cha mwenziwe, jambo ambalo kwa hakika ni zuri kuliko nililoliandika, nami nikaona wivu.

Jioni tukatembea mpaka Stesheni. Msomaji asiyeijua Nachingwea asidhani kwamba atapata treni huko. Jina liko, kata iko, watu wako, treni haipo. Niliwaonyesha vijana mahali ambapo wazee walinionyesha mimi, nikawahadithia habari ya karanga, ambayo wao waliisikia shuleni kwa mistari mitatu.

Mwaka 1946, Uingereza ikiwa imetoka vitani na haina mafuta ya kula ya kutosha, ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyekuwa mkuu wa kilimo hapa Tanganyika, ulizunguka kwa muda wa wiki tisa, ukarudi na hesabu iliyonyooka kama rula: mashamba 107, kila moja la ekari 30,000, kati yake 80 Tanganyika, na katika hayo 80 mashamba 55 yawe katika Jimbo la Kusini, ambalo kitovu chake kingekuwa Nachingwea. Wiki tisa ni muda ambao mbaazi yetu haijatoa hata ua. Kazi ikaanza mwaka uliofuata, Kongwa kwanza, kisha Urambo na huku. Na kwa kuwa matrekta yalikuwa adimu, yakakusanywa makuukuu ya vita kutoka huku na huko, na kampuni ya Vickers-Armstrongs ikavichukua vifaru vya Sherman, ikavivua silaha zake, ikavigeuza matrekta yaliyoitwa Shervick. Minyororo mizito ilifungwa kati ya mashine mbili, ikaburutwa ili iing'oe misitu. Bandari ya kina kirefu ilijengwa Mtwara, na reli ikatandazwa kuingia bara mpaka Nachingwea, kwa ajili ya shehena ya karanga ambazo hazijaota.

Na ardhi ilikuwa na bahasha yake. Kongwa udongo ulikuwa wa mfinyanzi, laini wakati wa mvua na mgumu kama tofali mvua zikikatika, hata karanga zilizokubali kuzaa zikafungiwa humo zisiweze kung'olewa, na majembe ya plau yakalika kama sabuni. Mwezi wa Januari 1951 mpango ukatangazwa kuwa umekufa, ukiwa umekula mamilioni ya pauni. Treni ya Nachingwea iliendelea kwenda na kurudi na mizigo michache, ikafungwa mwaka 1962, na reli zikang'olewa.

"Walibashiri vibaya," akasema mpwa wangu.

Nilifikiri juu ya neno lake tulipokuwa tukirudi, na sikulikubali lote. Kubashiri vibaya si dhambi. Mimi mwenyewe ni bingwa. Katika mashindano haya ya watoto, kitabu hufunguliwa kwanza na chombo huundwa baadaye, na hata yule aliyekuja na chombo chake huachiwa nafasi ya kukibadili asubuhi ya mwisho. Ilhali wale mabwana walileta chombo, kikubwa, cha chuma, kilichokwisha kutumika katika mchezo mwingine kabisa, wakakiamrisha kicheze kabla hawajaifungua kanuni ya udongo. Lau wangalilima kwanza ekari mia mbili tatu na kungoja misimu miwili, kosa lao lingaliwagharimu magunia machache ya mbegu.

Asubuhi tukapanda gari la abiria, mimi nikiwa na bahasha mfukoni na mpwa wangu amekipakata chombo chake ndani ya boksi la sabuni kama mtu aendaye kumtembeza mtoto mchanga. Ruangwa ilikuwa sehemu ya wilaya ya Nachingwea kabla haijawa wilaya yenyewe, na hata leo mkulima wa huku na wa kule huuza chini ya mwavuli mmoja, chama kikuu cha ushirika cha RUNALI, ambacho jina lake limefumwa kwa herufi za Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Kwa muda mrefu mnada wa korosho ulikuwa ni sanduku la bahasha: wanunuzi huandika bei zao kwa siri, bahasha hufunguliwa hadharani, na wakulima waliosimama juani hukubali au hukataa. Sijaona watu wabashirio kwa kiyasi kuliko wale wazee. Humhesabu mnunuzi, wakahesabu ghala, wakahesabu meli zilizoko Mtwara. Hata hivyo mwezi wa Novemba 2018, baada ya bei za wanunuzi kukataliwa, Serikali ilipotangaza kwamba itanunua zao lote yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na malori ya jeshi yakaingia barabarani, sikumpata hata mzee mmoja aliyedai kwamba aliliona likija.

Ruangwa ina neno lingine jipya siku hizi, nalo ni kinywe, yale madini meusi yenye utelezi yanayochimbwa katika wilaya hiyo. Kinywe ndicho kilichomo ndani ya penseli, na ndicho kiwekwacho katika upande hasi wa betri za lithiamu, kama ile ya simu tuliyoibeba katika boksi la sabuni. Nilimwambia hayo mpwa wangu garini kwa fahari ya mtu mwenye habari. Akanijibu kwa adabu kwamba anajua.

Binti yetu alitupokea kwa shikamoo na maji ya kunywa, akakitazama chombo juu na chini, akawasikiliza wavulana wakimweleza mchezo na bashiri zao zote, na habari ya matembezi ya Stesheni pia, maana kaka yake, yaani mpwa wangu, hawezi kuhadithia jambo nusu. Yeye hakubashiri. Akaniuliza maswali. Mjomba, boksi hili ulilinunua au uliliomba? Niliomba. Utalirudisha? Hapana. Mwamuzi ni nani? Ni mimi. Macho yako yanaona vizuri bila miwani? Hapo dada yangu akacheka jikoni. Kisha akanyamaza muda mrefu, akinitazama kifuani, nami nikaanza kuona joto.

"Maji si," akasema, "kwa sababu betri ni hii moja, na mjomba hana nyingine. Giza si, kwa sababu ni mchana, na mjomba hana miwani. Kubadilishana vyombo si, kwa sababu chombo ni kimoja. Kwa hiyo ameongeza kitu, na kitu hicho lazima amekuja nacho. Mfukoni mwa shati la mjomba mna kifuko cha karanga. Amekinunua stendi, na tangu afike hajala hata moja."

Wavulana wakageuka kunitazama mfuko. Nimekaa mbele ya wakuu wa idara na wakaguzi wa hesabu, sijapata kukaguliwa namna ile.

Sikukiri wala sikukana. Akaomba waya na koleo. Mbele ya chombo, palipokuwa na kipande cha bati cha kukumbia, akaanza kupinda kitu kama chanio, meno yake yakiachana kiasi cha upana wa kidole chake kidogo, akasema kwamba korosho na ganda lake haipiti hapo, na punje ya karanga hupita. Mpwa wangu akapinga, kama impasavyo mwenye chombo. Tutakitia uzito bure. Na kama mjomba ana njaa tu?

"Kama ana njaa tu," akajibu, "chanio litakumba korosho vile vile. Tukikosea hatupotezi kitu. Wewe ulitaka tujifunze kuendesha roboti ya watu wengine. Ungekosea, ungekuwa umeipoteza asubuhi nzima."

Nimesoma maneno mengi ya wataalamu juu ya namna ya kupanga mambo usiyoyajua, na nimeyaona yameandikwa kwa kurasa nyingi zaidi ya hizo sentensi nne. Niliwaza vifaru vile vya Sherman, na reli iliyoingia msituni kuifuata shehena isiyokuwapo, na sikusema neno, maana mwamuzi hatoi maoni.

Bahasha ikafunguliwa saa tano kamili, dada yangu akiwa shahidi. Iliandikwa: punje 10 za karanga zitachanganywa na korosho shambani, na kila punje itakayofika ghalani itafuta korosho mbili. Wavulana wakapiga kelele hata jirani akaja kuuliza kuna nini, naye akabaki kutazama. Mpwa wangu akashika swichi, binti akaelekeza, nami nikashika saa ya simu. Dakika ya kwanza walikwenda vizuri. Chanio lilikuwa likisukuma korosho na kuziacha karanga zikibingirika nyuma, kama mvuvi achaguaye dagaa. Dakika ya pili gurudumu moja la kisoda likalegea, chombo kikawa kinazunguka kama kuku mwenye kideri, na katika kukirudisha njiani punje moja kaidi ya karanga ikajibana pembeni mwa jino, ikasafiri nao mpaka ghalani. Korosho tisa, karanga moja. Alama saba. Yule kijana wa maji akasema kwamba pangekuwa na maji, karanga ingeelea.

Tulikula ugali na kisamvu kilichoungwa kwa karanga zilizobakia, na baada ya kula binti akajifuta mikono, akanitazama tena kwa macho yale yale.

"Kitendawili, mjomba."

"Tega."

"Alikuja kwa kishindo, akaondoka na mifupa yake."

Nikasema radi. Akatikisa kichwa. Nikasema tembo, nikasema mvua ya mawe, nikasema mgeni wa harusi, ambayo iliwachekesha lakini haikunisaidia. Nikajaribu kiyasi: mwenye mifupa ni mnyama, mnyama mwenye kishindo ni mkubwa, mnyama mkubwa hufa akaiacha mifupa, hivyo huyu si mnyama, na hapo ngazi yangu ikakatika. Mpwa wangu alikuwa amekwisha kujua, nilimwona, amefunika mdomo kwa kiganja.

"Nimeshindwa."

"Nipe mji."

Nikampa Dar es Salaam. Akaikataa, akisema kuna foleni. Nikampa Lindi, kwa mazoea, akaikataa nayo. Akasema anaitaka Nachingwea. Kaka yake akalalamika kwamba huo ni mji wake na hakuulizwa, lakini katika mchezo huu mwenye mji hana sauti, nikampa Nachingwea.

"Pamoja na Stesheni?"

"Pamoja na Stesheni," nikasema, na kabla sijalimaliza neno nikalijua jibu. Lakini mji ulikuwa umekwisha kutoka.